Mvumo Uliokatwa

Gari lenye mlingoti lilionekana saa sita na robo mchana, na kwa muda wa dakika nne ofisi ya Inspekta ilijaa watu wenye furaha.

Rubani wa ndege ya utafutaji ndiye aliyeliona. Gari jeupe, alisema, mlingoti mrefu juu ya paa, limeegeshwa kando ya korongo kavu katikati ya mbuga ya kaskazini. Sajini aliipiga meza kofi hadi chai ikamwagikia jalada. Mke wa Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, akaja kusimama mlangoni, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni na pini zimechomekwa kifuani mwa gauni. Alikuwa ameacha sare arobaini za shule juu ya cherehani na hakukumbuka hata kufunga duka.

Simu ikalia tena. Inspekta alisikiliza, akasema "ndiyo", akasema "ndiyo" ya pili kwa sauti ndogo zaidi, akaiweka chini.

"Ni gari la wapima maji," alisema. "Wako watano, wote wazima."

Mke wa Fundi hakulia. Aligeuka akarudi kwenye benchi lake kama mtu aliyeambiwa foleni haijasogea. Inspekta alitamani angalau apige kelele. Mtu anayepiga kelele humpa polisi kazi ya kumtuliza, na kazi yoyote saa hiyo ingekuwa afadhali kuliko kuitazama saa ya ukutani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Fundi, mtengeneza redio na televisheni, umri miaka hamsini na mbili, mgonjwa wa kisukari, aliondoka nyumbani Ijumaa mchana akaaga kwamba anakwenda mbuga ya kaskazini, kilomita mia tisa, kwenye mashindano ya redio za ridhaa, ya watu wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha. Huko hakuna mtandao wa simu, alimwambia mkewe, na Jumatatu asubuhi atakuwa mezani anakula. Alibeba dawa ya sindano ya kumfikisha Jumatatu hiyo na si zaidi. Jumatatu ilipita mtu hayupo. Leo Jumanne, daktari wake alikuwa ameongea na Inspekta bila kupamba neno: bila ile dawa ataishi hadi leo jioni, baada ya hapo asipigiwe simu yeye, apigiwe mwingine.

Vikosi viwili na ndege moja vilikuwa mbugani tangu alfajiri. Vilipelekwa huko na ushahidi mmoja tu, na ushahidi wenyewe ulikuwa kwenye kompyuta ya Inspekta, kwenye flashi aliyopewa jana na Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa klabu yao, mstaafu wa somo la fizikia, rafiki wa Fundi wa miaka ishirini. Jana alimkaribisha Inspekta kwenye chumba chake cha redio na kumfundisha kana kwamba kesho kuna mtihani. Vimondo, alisema, vile vijiwe vya angani, vikiungua huko juu huacha nyuma yake mstari wa moto usioonekana mchana. Ukiurushia mawimbi ya redio, yanaugonga na kurudi chini mbali sana, kilomita elfu na zaidi. Tatizo ni kwamba mstari unaishi nusu sekunde, ukibahatika sekunde mbili. Kwa hiyo mshindani hurusha ujumbe mfupi uleule, tena na tena, kwa sekunde kumi na tano, kisha hunyamaza sekunde kumi na tano amsikilize mwenzake. Kila mmoja na zamu yake, na anayevunja zamu hasikiki wala hasikii. Ramani nzima imegawanywa miraba, na kila mraba mpya unazidisha alama zako zote. Mbuga ya kaskazini ilikuwa mraba ambao hakuna mtu aliyewahi kuupata, kwa sababu haina mtu wa kupatikana.

Jumapili, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Mwalimu aliupata. Fundi alimpigia kutoka mbugani kupitia vimondo, akataja mraba wake, wakajibizana, na rekodi ikahifadhiwa kama waamuzi wa mashindano wanavyodai. Baada ya hapo Fundi hakusikika tena na mtu yeyote.

Inspekta alivaa tena visikilizio vyake vya masikioni. Alikuwa ameshaisikiliza rekodi hiyo mara kumi na mbili, na hakuna alichopata zaidi ya maumivu ya masikio. Kituoni vijana walimwita Kasuku nyuma ya mgongo wake kwa tabia yake ya kurudia swali moja mpaka mtu achoke kusema uongo. Rekodi haikuchoka.

"Afande," alisema Sajini, "wewe ni mwanamke, lakini nikuambie ukweli wa kiume?"

"Niambie ukweli wa kazini."

"Mwanamume anaaga anakwenda porini ambako simu haishiki. Siku nne. Na mlingoti." Sajini alikuna shingo. "Mimi ningemtafuta kwenye nyumba za kupanga, si mbugani."

"Umetoka kituo cha mafuta?"

"Nimetoka. Mhudumu anamkumbuka, alimtengenezea redio ya mama yake. Alijaza Ijumaa saa tisa. Lita ishirini."

Inspekta alivua visikilizio. "Tangi likiwa na nini ndani?"

"Taa ya mafuta ilikuwa inawaka."

"Lita ishirini na taa inawaka."

"Ndiyo, afande."

"Kilomita mia tisa."

"Angeweza kujaza njiani."

"Njiani pana vituo viwili na umevipigia vyote. Walisemaje?"

Sajini akawa mpole. "Hawakumwona." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema licha ya mdomo wake, aliongeza, "Ndiyo maana nasema nyumba za kupanga."

Haikuwa hoja ya kuchekwa, na hilo ndilo lililomchoma Inspekta. Kama Fundi hakwenda kaskazini, kila saa waliyotumia huko ilikuwa saa ya kumuua. Lakini sauti yake ilitoka kaskazini. Mwalimu alisema hivyo, na flashi ilisema hivyo. Alitazama orodha kwenye skrini: rekodi arobaini na tatu, mawasiliano yote ya Mwalimu ya siku mbili. Mwalimu alimpa zote kwa kujisifu tu. Inspekta alikuwa amesikiliza moja.

Alifungua mlango. "Mama, njoo ndani kidogo."

Mke wa Fundi alikaa ukingoni mwa kiti. Inspekta akamvika visikilizio na kumchezea rekodi ya kwanza kabisa, ya mtu wa nchi ya mbali ambaye hakuwa na habari na yeyote kati yao.

"Unaijua sauti hii?"

"Nitaachaje kuijua? Ndiyo iliyoniharibia usingizi tangu niolewe." Mwanamke alifumba macho. "Hapo inavuma tu. Inavuma... inavuma... hicho! Umesikia hicho 'chwiii'? Hicho kimondo. Kimeshazimika. Inavuma tena."

"Sasa hii. Hii ni ya mzee wako."

Alisikiliza. Inspekta aliutazama uso wake, maana sauti alikuwa ameshaijua: mlio mfupi, kimya, mlio mfupi, kimya. Mke wa Fundi alianza kwa kutabasamu, kama mtu aliyesikia hatua za mumewe nje ya mlango. Kisha tabasamu likaondoka. Akavua visikilizio, akavitazama, akavivaa tena.

"Redio imezimwa hapa?"

"Kwa nini?"

"Haivumi. Katikati, baada ya mlio, hakuna kitu. Redio haijawahi kunyamaza nyumbani kwangu hata siku moja, dada. Ikinyamaza ujue umeme umekatika."

Inspekta akachukua visikilizio. Rekodi ya kwanza: mlio, mvumo, mvumo, mlio. Ya pili, ya tano, ya thelathini: zote zilivuma. Ya Fundi, kati ya mlio na mlio, ilikuwa na kimya cha karatasi tupu. Mara kumi na mbili amekisikiliza kimya kile akakiona ni cha mbugani.

"Amekata," alisema. "Amefuta kilichokuwa katikati, akasahau kurudisha mvumo."

"Nani?" aliuliza Sajini.

Inspekta alimgeukia mwanamke. "Mama, kuna wakati ule mlio huwa haukatiki? Unalia tu mfululizo?"

"Upo. Wakijaribu mitambo yao, yeye na shemeji Mwalimu, kila mtu nyumbani kwake. Hapo unalia sekunde zote kumi na tano, mpaka nawafukuza watoto wakacheze nje. Lakini hiyo si ya vimondo. Hiyo ni ya hapa na pale."

Alipoyasema hayo aliyasikia mwenyewe. Mkono ukapanda mdomoni, na pini moja ikamchoma kidole asishtuke.

"Sajini," alisema Inspekta, "washa gari. Na upigie hospitali, gari la wagonjwa litufuate."

"Litufuate wapi?"

"Sijui. Litufuate."

*

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya mwisho mjini, mahali ambapo lami ilikata tamaa ikawa vumbi. Kabla ya kubisha hodi Inspekta alirudi nyuma hatua kumi, akatazama juu. Antena ilisimama juu ya paa, ndefu, ina mbavu kama za samaki aliyekwisha kuliwa.

"Sajini, kaskazini ni wapi?"

Sajini alitazama dira ya simu yake, akaonyesha kulia kwao. Antena ilikuwa imeipa kaskazini mgongo.

Mwalimu alifungua mwenyewe. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Alipomwona mke wa Fundi nyuma ya Inspekta, alisema, "Shemeji, pole," akamshika mikono yote miwili. Mwanamke aliiacha ishikwe.

Walikaa kwenye chumba cha redio. Meza ndefu, kompyuta, mitambo iliyozimwa, na juu ya mitambo rafu iliyofutwa vumbi vizuri, haina kitu juu yake.

"Mmepata habari?" aliuliza Mwalimu.

"Bado. Nina swali dogo. Mawasiliano yako na Fundi, ile Jumapili, yalikuwa ya vimondo?"

"Nilikueleza jana. Vimondo sita, kimoja baada ya kingine. Bahati ya ajabu."

"Baada ya hapo ulimpigia nani?"

"Hakuna. Hali ilikuwa mbaya. Yalikuwa ya mwisho."

"Tangu hapo hujaigusa redio?"

"Ningeigusaje, na rafiki yangu amepotea?"

"Kwa hiyo antena iko vilevile ilivyokuwa ukiongea naye."

Kwenye meza palikuwa na kisanduku cha kuzungushia antena, chenye sindano kama ya saa. Sajini aliinama akasoma kwa sauti: "Nyuzi mia mbili na kumi na nane."

"Antena yako inatazama wapi, Mwalimu?" aliuliza Inspekta.

"Upepo unaweza kuigeuza."

"Inatazama wapi?"

"Afande, kuna mambo ya kitaalamu hapa ambayo..."

"Inatazama wapi?"

"Kusini-magharibi."

"Na mbuga?"

Inspekta akatoa flashi mfukoni, akaiweka mezani taratibu, kama anayerudisha kitu cha kuazima. "Rekodi arobaini na mbili zinavuma. Ya Fundi haivumi. Umeikatakata ifanane na vimondo. Ya kwako halisi ililia sekunde zote kumi na tano, zamu sita nzima, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa hapa karibu. Hajafika mbugani. Hakuondoka na mafuta ya kumfikisha mbugani. Nina ndege moja, na iko kilomita mia tisa mbali na huyu mtu kwa sababu ya neno lako."

"Sikujua kama..."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Yuko wapi?"

"Wallahi sijui!" Mwalimu alisimama, kiti kikaanguka. "Hilo ndilo... Tulipanga hivyo. Mwisho wa mashindano kila mtu anasaini kiapo kwamba alama zake ni za haki. Nilimwambia usiniambie unakwenda wapi, ili nikisaini nisiwe nimejua. Nimwelekee tu pale mlio unapokuja. Alibeba kiredio kidogo kisichofika popote, asije akasikiwa na mwingine mjini. Miaka kumi na moja, afande. Miaka kumi na moja nashika nafasi ya pili."

Inspekta alikuwa amewahi kusikiliza wauaji wakijieleza, na wengi walikuwa na sababu kubwa kuliko kombe. Hasira ilimpanda hadi akaona vibaya, akaimeza, kwa sababu hasira nayo ingekula dakika.

"Jana alikuwa ameshachelewa. Jana nilikaa hapa. Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani gari limemharibikia. Nikasema atatokea usiku. Asubuhi nikasema atatokea mchana." Sauti ya Mwalimu ilikuwa imepungua mpaka ya mtoto aliyekamatwa na sukari. "Kila nikichelewa kusema, inakuwa vigumu zaidi kusema."

Mke wa Fundi aliinuka, akavua utepe shingoni, akautandaza juu ya ramani ya wilaya iliyokuwa imebandikwa ukutani.

"Nyumba hii iko wapi hapa?" alimuuliza Sajini. "Shika ncha hii. Sasa nipe huo upande antena inakotazama."

Sajini alishika ncha juu ya nyumba, akakadiria nyuzi kutoka kaskazini ya ramani, naye mwanamke akauvuta utepe ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Wote wanne wakaufuata kwa macho. Ulipita juu ya kiwanda cha mbao. Ukapita mabwawa ya majitaka. Kisha ukakata ukingo wa duara la kijivu lililoandikwa kwa herufi ndogo: machimbo ya kokoto, yamefungwa.

"Kiwanda kina wafanyakazi Jumamosi na Jumapili," alisema Inspekta. "Wangemuuliza anafanya nini."

"Mabwawa yana mlinzi na mbwa," alisema Sajini. "Na harufu."

Mke wa Fundi hakungoja la tatu. Alikwisha kutoka nje.

"Na wewe unakuja," Inspekta alimwambia Mwalimu. "Tunaweza kuhitaji mikono."

*

Kilomita thelathini na moja walizimaliza kwa dakika ishirini na nane. Lango la machimbo lilikuwa limefungwa mnyororo, lakini kufuli lilikuwa jipya na halikubanwa; mtu alilirudishia tu ili lionekane limefungwa. Ndani, barabara ya malori ilipanda ikizunguka shimo. Gari la Fundi lilikuwa juu kabisa, kwenye kivuli cha mashine iliyooza. Inspekta alichungulia dirishani. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na simu iliyozimwa na kisanduku cha baridi, na ndani ya kisanduku dawa, chupa moja imetumika, ya pili nzima haijaguswa.

Kumbe siku za daktari zilikuwa zimehesabiwa vibaya. Hazikuanza Jumatatu; zilianza tangu alipoiacha dawa hii garini.

"Mlingoti!" alipiga kelele Sajini.

Ulikuwa hatua kama kumi na tano mbele, kwenye ukingo wa shimo, bado umesimama. Chini yake sehemu ya ukingo ilikuwa imemeguka na kushuka kimo cha mtu mzima, na mawe yalikuwa yamejipanga upya. Katikati ya mawe alikuwa amekaa mtu. Alikuwa ameegemea kreti, kichwa kimeinama, na mguu wake wa kulia ulipotea chini ya jiwe kubwa kuanzia pajani. Kompyuta ilikuwa juu ya kreti, karibu na kiwiko chake. Chupa ya maji ilikuwa tupu.

Mke wa Fundi alishuka kwa makalio, mawe yakimfuata. Muuguzi wa gari la wagonjwa akashuka nyuma yake na mkoba. Waliosimama juu hawakusikia kitu kwa muda ambao Inspekta baadaye, alipoandika taarifa, aliukadiria kuwa dakika moja, ingawa hakuamini.

"Ana pumzi," muuguzi alisema.

Jiwe waliliinua kwa jeki mbili na gogo. Sajini, dereva na Mwalimu waliweka mabega. Mwalimu alisukuma mpaka damu ikamtoka puani na hakutaka kupumzishwa. Walipomtoa, Fundi hakutoa hata mguno. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na pumzi yake ilitoka kwa nguvu na haraka, ikinuka matunda yaliyooza. Muuguzi alimdunga, akamtundikia maji, akamkagua mguu na kuufunika upesi.

"Atapona?" aliuliza mkewe.

"Mguu sikuahidi, mama. Yeye, yuko hai. Ningemkuta kesho nisingekuwa na la kufanya. Tumwahishe."

Wakati machela inapandishwa, Inspekta alibaki chini na mambo yake ya kazini: picha, vipimo, kila kitu kilipokuwa. Kwenye skrini ya kompyuta hakukuwa na kitu, betri ilikuwa imekufa. Lakini kando yake palikuwa na daftari la mawasiliano, na penseli imefungwa kwa uzi. Alilifungua. Akasoma ukurasa mmoja, akakaa juu ya jiwe, akasoma uliofuata. Programu ile ya kurushia ujumbe iliruhusu ujumbe wa herufi kumi na tatu tu, na Fundi alikuwa ameandika pembeni maneno aliyoyajaribu mpaka yakaenea: MGUU UMENASA. Chini yake zilifuata saa. Ameita, amesikiliza. Ameita, amesikiliza. Hata mguu ukiwa chini ya jiwe alikuwa ameshika zamu yake, sekunde kumi na tano za kuomba msaada na kumi na tano za kumwachia mwenzake nafasi ya kujibu.

Jumatatu, saa kumi jioni, alikuwa bado anaita. Saa kumi jioni ya Jumatatu Inspekta alikuwa kwenye kiti cha Mwalimu, redio imezimwa mbele yake, anaandika maelezo na kushukuru kwa ushirikiano.

Alipanda juu na daftari mkononi. Mke wa Fundi alilisoma akiwa amesimama kwenye mlango wa gari la wagonjwa, akitembeza kidole chini ya kila mstari. Alipomaliza ukurasa wa kwanza aliinua macho.

"Shemeji."

Mwalimu alisogea. Vumbi lilikuwa limemfanya mweupe hadi nyusi.

"Jumapili ulizima redio saa ngapi?"

"Mashindano yalipoisha."

"Saa ngapi, shemeji?"

"Saa tatu na dakika moja asubuhi. Nilizima haraka. Niliogopa ikiendelea kurekodi, na yeye anafungasha, itanasa jambo."

Mwanamke alimkabidhi daftari likiwa wazi, akapanda ndani, akavuta mlango. Gari likaondoka na vumbi lake.

Mwalimu alisoma palepale, kwenye jua. Mstari wa kwanza baada ya mashindano uliandikwa saa tatu na dakika nne. Inspekta alijua ni upi kwa jinsi midomo ya mzee ilivyoacha kusogea. Akamwona akifunua kurasa, moja, mbili, sita, zote zikimwita yeye kwa jina, mpaka ile ya mwisho, ambayo mwandiko wake ulikuwa umelegea na kutoka nje ya mistari. Inspekta alikuwa ameshaisoma na hakuhitaji kuisoma tena.

*Jumatatu, saa 10:20 jioni. Betri inaisha. Mwalimu hajasikia. Atakuwa amelala, alikesha siku mbili. Nisimlaumu. Nitamwita tena akiamka.*

Inspekta alingoja mpaka alipohakikisha mzee amemaliza. Kisha akanyoosha mkono, akamwambia daftari hilo ni ushahidi na linatakiwa kituoni. Mwalimu hakuliachia. Inspekta akamwambia mara ya pili, kwa upole zaidi kuliko alivyokusudia, na mara ya tatu. Mwishowe ilibidi Sajini amfungue vidole, kimoja baada ya kingine.